Mistari Miwili na Njia Inayoikata

Athanas alikuwa amekalia kiti cha mito. Hicho ndicho nilichokiona kwanza nilipoingia ofisi ya mkuu wa shule, kabla sijawaona watoto wamesimama ukutani, kabla sijaziona karatasi mbili mezani. Mimi nilionyeshwa benchi karibu na kabati la vikombe vya michezo.

"Mwangaluka, Nyamizi," aliniambia, kama mtu anayemsalimu jirani aliyeonana naye jana.

Nilikaa kwenye benchi. Tangu siku ya kikao cha wazee aliponiondoa kwake sikuwa nimekaa naye chumba kimoja. Wakati ule mwanangu Vumilia alikuwa hajaanza hata kutambaa. Sasa yuko kidato cha pili.

"Karibu, Mama Vumilia," alisema mkuu wa shule. Jina lake ni Euphrasia, ila sisi wote humwita Madam. "Samahani kwa kukutoa shambani. Jambo lenyewe si dogo."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameshika mikono yake kwa nyuma na macho yake yako kwenye sakafu. Pembeni yake alisimama Salome, binti wa Athanas kwa Klara, yule mwanamke aliyeletwa kwenye nyumba niliyoisiliba kwa mikono yangu. Salome amezaliwa mwaka ule ule aliozaliwa Vumilia, nyuma yake kidogo, kwa hiyo unaweza kujua mwenyewe mambo yalivyokwenda. Alikuwa akisoma bweni huko Geita, pumu ikamzidi, akarudishwa hapa Masumbwe. Ndiyo maana wakajikuta darasa moja, na kwa kuwa wote wawili wanaitwa jina la Athanas na majina hupangwa kwa ukoo, wakajikuta dawati moja.

Nilikuwa nimemwambia Vumilia tangu siku ile ya kwanza: kaa naye kwa sababu mwalimu amekukalisha, lakini usimpe neno lako wala usipokee lake. Ukikanyaga kwao, usirudi kwangu. Aliitikia, "Ndiyo, mayu." Kwetu mama tunamwita mayu.

Mwalimu wa hesabu, kijana mrefu anayeitwa Sostenes, alizichukua zile karatasi akaziweka sambamba ukingoni mwa meza, ili mimi na Athanas tuone.

"Huu ni mtihani wa mwezi," alisema. "Swali la mwisho lilikuwa la kuthibitisha. Yaani mwanafunzi hatafuti jibu, jibu amepewa. Anatakiwa aonyeshe, mstari kwa mstari, kwamba jibu hilo ni kweli, na kila mstari auwekee sababu yake. Kushoto anaandika anachosema. Kulia anaandika kwa nini anakisema. Asipokuwa na cha kuandika kulia, cha kushoto hakina kazi."

"Na hawa?" aliuliza Athanas.

"Hawa wamekosa. Kukosa si shida, nusu ya darasa imekosa. Shida ni kwamba wamekosa sawasawa. Mtu akipata, atafanana na wenzake waliopata. Lakini kosa kila mtu huwa na lake. Hawa wana kosa moja, mahali pamoja, kwa maneno yale yale. Darasa zima hakuna mwingine aliyelifanya."

"Basi mmoja ameangalizia," alisema Athanas, akakunja nne. "Na mimi naona hakuna haja ya kupotezeana muda. Wangu anakwenda tuisheni kila jioni, bodaboda anampeleka na kumrudisha. Huyu mwingine jioni yuko kwenye viazi. Nani kamwangalizia nani, Madam?"

Madam alinyanyua mkono. "Mzee Athanas, subiri. Sheria yetu ni moja. Aliyeangalizia anasimamishwa mpaka bodi ya shule ikae."

"Bodi inakaa lini?" niliuliza.

"Baada ya mtihani wa taifa, Mama Vumilia."

Nikaelewa. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa mlangoni. Aliyekuwa nje siku hiyo angebaki nje. Na mimi nilijua nini kinamngoja msichana wangu akirudi nyumbani bila kitabu, kwa sababu kaka yangu Bujiku alikwisha kuniambia kwamba kuna watu wa Ushirombo wamemwona Vumilia kanisani na wameuliza habari zake. "Watu wazuri," alisema Bujiku. "Wana ng'ombe." Nilimjibu kwamba mtoto anasoma. Akasema, "Haya, anasoma. Siku akiacha, utanitafuta."

"Vumilia," Mwalimu Sostenes alisema, "njoo ubaoni."

Ofisini palikuwa na ubao mdogo wa ratiba. Mwalimu alifuta kona yake akachora mistari miwili imelala, mmoja juu ya mwingine, kisha akachora mstari wa tatu ulioikata yote miwili kwa kukingama, kutoka juu kulia kushuka chini kushoto. Penye mstari wa juu alitia alama kwenye pembe iliyo juu, upande wa kulia. Penye mstari wa chini alitia alama kwenye pembe iliyo chini, upande wa kushoto.

"Nimewaambia pembe hizi mbili ni sawa. Hicho tu. Nikawaambia: thibitisheni kwamba mistari hii miwili ni sambamba, kwamba hata ukiirefusha mpaka Kahama haitakutana. Sasa wewe mstari wako wa kwanza umeandikaje?"

Vumilia alijibu taratibu. "Nimeandika mistari ni sambamba."

"Ndicho ulichoulizwa!" Mwalimu aligonga ubao. "Nimekuuliza uonyeshe ni sambamba, wewe umeanza kwa kusema ni sambamba. Na mwenzako hivyo hivyo. Upande wa sababu mmeandika wote wawili neno moja, 'inajulikana'. Inajulikana na nani? Nani alikuambia?"

Vumilia alifungua mdomo. Kisha akanitazama mimi, si mwalimu, akaufunga.

"Jibu, mtoto. Ulijuaje?"

Alirudisha macho sakafuni.

"Unaona?" alisema Athanas. "Hajui. Hajui kwa sababu si lake. Madam, nisamehe, lakini mambo mengine yako kwenye damu. Mama yake alikuwa hivyo hivyo, anapita mahali na kuharibu. Mkosi hauoshwi kwa sabuni."

"Mzee, hapa ni ofisini," alisema Madam.

"Nasema kweli tupu. Muulize mwenyewe kwa nini aliondoka kwangu."

Hapo nitasimama kidogo, kwa sababu hilo la kwa nini niliondoka kwake ni refu, na yeye husimulia mwisho wake tu.

Mimi sikusoma. Kwetu tulikuwa wengi, na ng'ombe wa baba walihitaji mtu. Kaka zangu wakapelekwa shule, mimi nikapelekwa malishoni. Herufi nilikuja kuzijua nikiwa mtu mzima, kwa akina mama wa kanisa. Athanas aliponioa hakuwa na kitu zaidi ya sururu. Tulikwenda wote machimboni upande wa Bugarama. Yeye aliingia duarani, ndilo shimo la wachimbaji, na mimi nilikaa juu nikawapikia ugali yeye na wenzake, nikaponda mawe kwa nyundo mpaka mikono ikawa kama gome. Kipande cha kwanza cha dhahabu alichouza kilitoka kwenye mawe niliyoyaponda mimi. Kwa hicho tukajenga. Kwa kingine akaanza kununua dhahabu za wenzake na kuzipeleka Geita, akawa tajiri mdogo, watu wakaanza kumwita bosi. Kisha duara lake likakauka. Waligonga mwamba wiki baada ya wiki, wakatoa mawe meupe matupu.

Machimboni wanaume wengi huamini kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake akipita karibu na duara, dhahabu inakimbia. Athanas aliwaambia wazee kwamba nilipita. Wazee wakamuuliza, umejuaje alipita? Akasema, kwa sababu dhahabu imekimbia. Wakamuuliza, umejuaje dhahabu imekimbia na si kwamba imeisha? Akasema, kwa sababu mke wangu alipita. Nilikuwa nimekaa pale nikinyonyesha. Nilikuwa sijaiona damu tangu nilipojifungua. Nilisema hivyo, mbele ya baba yangu, kwa aibu yote. Hakuna aliyenisikiliza. Kikao kikaona kosa ni langu, baba akaambiwa arudishe ng'ombe wa mahari, akawarudisha, na tangu siku ile mpaka anaingia kaburini hakuniita tena kwa jina langu. Nyumba ilikuwa na kitanda cha Klara kabla mavuno hayajaisha.

Hiyo ndiyo sababu yake. Inazunguka na kurudi ilipotoka.

Nilipewa na mama yangu kipande cha ardhi cha mchanga, nje kidogo ya mji, ambacho hakuna kaka yangu aliyekitaka. Hapo ndipo nilipomlelea Vumilia. Napanda viazi vitamu na mihogo kwenye matuta. Matuta yangu nayapiga kwa kamba ya mkonge iliyofungwa kwenye vijiti viwili, kama baba alivyofundishwa na mabwana shamba wa pamba, na wapita njia hucheka kwamba Nyamizi analima kama anajenga kanisa. Waache wacheke. Tuta lililopinda maji hulivunja. Viazi vingine napeleka sokoni jioni, Vumilia akibaki shambani, vingine nakata vipande na kuvianika juu ya jiwe kubwa lililoko shambani mpaka viwe michembe, ambayo mtu anaweza kuitafuna miezi yote ya kiangazi. Katikati ya shamba inapita njia ya miguu, ya watu wanaokata kwenda mashine ya kusaga. Inayakata matuta yangu kwa kukingama, kutoka juu kulia mpaka chini kushoto.

Nilikuwa nikiutazama ubao wa Madam, na nikaona shamba langu.

Si mfano wake. Lenyewe. Mistari miwili imelala, na njia inayoikata. Mwalimu alikuwa bado anamuuliza Vumilia na Vumilia alikuwa bado hajibu, na mimi kichwa changu kilikuwa kimekwenda shambani peke yake, kikikusanya vitu nilivyoviona na kuvipita. Vijiti vidogo vilivyochomekwa pale njia inapokutana na tuta; nilidhani ni watoto wa kuchunga mbuzi, nikaving'oa kwa hasira. Kesho yake vikarudi. Nyayo za raba mchangani, raba yenye soli ya nyota, wakati Vumilia huenda shambani na yeboyebo. Nilidhani ni mvulana. Nilimsubiri Vumilia nimuulize, nikashindwa nianzie wapi. Na michembe. Michembe ilikuwa ikipungua juu ya jiwe, na nilimlaumu mbuzi wa jirani.

Nikashusha macho kwenye miguu ya Salome. Raba nyeupe.

Mtoto wa Klara alikuwa akikaa juu ya jiwe langu, akila michembe yangu, na mwanangu akimfundisha. Na nikaelewa pia kwa nini Vumilia alifungua mdomo na kuufunga. Sababu alikuwa nayo. Ilikuwa mdomoni mwake. Asingeweza kuitoa bila kuniambia mimi, mbele ya watu, kwamba nilichomkataza amekifanya. Alikuwa tayari kufukuzwa shule kuliko kulisema.

Na yule mwingine alinyamaza vile vile, akimtazama baba yake.

"Kwa mara ya mwisho, Vumilia," alisema Madam. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Umeulizwa ulijuaje mistari ni sambamba. Usipojibu, mimi nitaandika kwamba kazi si yako."

Athanas alikuwa anachezea ufunguo wa gari. Alitabasamu, na hakuwa akimtabasamia mtoto. Alinitabasamia mimi.

Nitasema lililokuwa moyoni. Nilitaka Salome aanguke. Kama lingekuwepo neno moja la kumwangusha yeye na kumwacha wangu amesimama, ningelisema bila kumeza mate. Lakini neno nililokuwa nalo lilikuwa linawasimamisha wote wawili au halimsimamishi yeyote. Nilikaa nalo. Vumilia aliupa ubao mgongo.

"Wamejifunzia kwangu," nilisema.

"Nini?" Athanas aligeuka.

"Wote wawili. Shambani kwangu. Hakuna aliyeangalizia. Wamejifunza mahali pamoja, ndiyo maana wamekosa pamoja."

"Mwongo!" Alisimama. "Mwanangu hajawahi kukanyaga kwako! Madam, huyu mwanamke ana chuki miaka yote hii, sasa anataka kuniharibia mtoto."

Salome alikuwa amejishika kifua. Madam alisimama haraka akawatoa watoto wote wawili nje, Salome akakalishwa kwenye varanda ya mbele na Vumilia akapelekwa kwa makarani, upande wa pili, ili wasisemezane. Kisha akafunga mlango.

"Mama Vumilia," Mwalimu Sostenes alisema, "nakuheshimu. Lakini nimetoka kusema mwenyewe, neno bila sababu halina kazi. Umejuaje?"

Nikamwambia. Vijiti. Soli ya nyota. Michembe. Njia na matuta. Nilisema moja baada ya jingine.

"Na uliwaona kwa macho?"

"Sikuwaona."

"Raba za nyota ziko soko zima," alisema Athanas. "Hata huyu mwalimu anazo."

Mwalimu alitazama miguu yake. Kwa kweli alikuwa nazo.

Nilidhani nimekwisha. Lakini Madam alikuwa ameegemea meza, akiutazama ule mchoro. "Tusibishane," alisema. "Salome hajasikia neno hata moja lililosemwa humu tangu alipotoka. Na wakati mama anataja shamba hakutaja matuta wala njia. Aletwe peke yake. Nitamuuliza mimi, na mtu yeyote asikohoe. Mzee Athanas, hasa wewe."

Salome aliingia akipumua kwa sauti, ile sauti ya watu wa pumu. Madam alifuta mchoro wa Mwalimu, akachora mwingine, mkubwa, umegeuzwa kidogo ili usifanane. Akatia alama pembe mbili, akampa mtoto chaki.

"Pembe hizi ni sawa. Thibitisha kwamba mistari ni sambamba. Chukua muda wako."

Mtoto hakuchukua muda. Aliandika mstari wa kwanza, na hata mimi nisiyejua Kiingereza niliona umefanana na ule wa kwenye karatasi. Mwalimu akafumba macho.

"Hapo umeandika nini?"

"Mistari ni sambamba, Madam."

"Kwa nini?"

Salome alimtazama baba yake. Athanas alikuwa amekaza taya. Nilisikia pumzi ya mtoto ikikwaruza, ikapanda, ikashuka.

"Salome. Ninakuuliza mimi. Kwa nini ni sambamba?"

"Kwa sababu ni matuta," alisema.

Hakuna aliyekohoa.

"Matuta gani?"

"Ya mama yake Vumilia." Machozi yalikuwa yameanza. "Anayapiga kwa kamba, Madam, hayakutani hata ukienda mpaka mwisho. Tulikwenda mpaka mwisho. Na hii ni njia ya mashineni. Vumilia aliniambia ukitaka kuzijua pembe, usizitazame kwenye daftari, simama kwenye njia uangalie tuta la kwanza, kisha tembea mpaka tuta la pili, utaona umesimama vile vile."

"Na tuisheni?" Athanas alisema, sauti imempotea.

"Baba, yule mwalimu hafundishi. Anasoma simu yake." Akafuta pua. "Namwambia bodaboda anishushe mashineni."

Mwalimu Sostenes alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Madam alimkata jicho lakini na yeye midomo ilikuwa inamsumbua. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama ukuta, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayanitii.

Vumilia aliitwa. Aliingia kama mtu anayeingia kusomewa hukumu, akaona uso wa Salome, akaona ubao, akanigeukia. "Mayu," alianza.

"Nyamaza. Msikilize mwalimu wako."

"Hamkuangalizia," Mwalimu Sostenes alimwambia. "Hilo limekwisha. Lakini swali bado mmelikosa, na mtihani wa taifa hauko shambani kwenu. Matuta ya mama yako ni sambamba kwa sababu yeye aliyavutia kamba. Mistari yangu nani aliivutia kamba?"

Vumilia aliutazama ubao. "Hakuna," alisema.

"Una nini mkononi?"

"Pembe mbili sawa."

"Basi anza na ulicho nacho. Usianze na unachokitaka."

Alichukua chaki. Aligusa ile pembe ya juu kulia, kisha ile inayotazamana nayo, ng'ambo ya pale mistari inapokatana. "Hii na hii ni sawa," alisema, "kwa sababu mistari miwili ikikatana, pembe zinazotazamana ni sawa." Akaandika, kushoto neno, kulia sababu. Akashuka mstari wa chini, akafanya vile vile kwa pembe ya chini kushoto na ile ya ng'ambo yake. Sasa alikuwa na pembe mbili mpya, zote ziko ndani, katikati ya mistari miwili, moja upande huu wa njia na nyingine upande ule.

Akasimama. Chaki ilikuwa hewani. Mwalimu hakumsaidia. Athanas alikuwa anatazama simu isiyolia.

"Zile za kwanza nilipewa kwamba ni sawa," alisema Vumilia polepole. "Kwa hiyo na hizi za ndani ni sawa." Akaandika. "Na kama hizi za ndani zinazopishana ni sawa, basi..." Hakumalizia kwa mdomo. Aliandika mstari wa mwisho, ule ule aliouandika kwanza kwenye karatasi yake, ila sasa ulikuwa chini kabisa, na kulia kwake palikuwa pamejaa.

"Ndiyo," alisema Mwalimu Sostenes. "Sasa ni sambamba."

Madam alichukua zile karatasi mbili. Alisema wote wawili watapata sifuri kwenye swali lile na hakuna atakayesimamishwa, wote wataandikishwa kwenye mtihani wa taifa, na tuisheni ni shauri la mzazi. Athanas aliondoka bila kuaga. Nje, karibu na gari lake, nilimfikia. Sikujua kwamba nitamfuata mpaka nilipokuwa nimemfuata.

"Athanas," nilisema. "Siku ile. Ulijuaje nilipita?"

Alikuwa ameshika mlango wa gari. Nilimsubiri. Alitazama shule, akatazama barabara, akaingia, akafunga. Ndivyo alivyonijibu.

Njiani Vumilia alitembea nyuma yangu kama alivyokuwa akitembea alipokuwa mdogo. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Tulipofika shambani niliviona vijiti vipo palepale, njia inapokutana na tuta la kwanza na la pili. Sikuving'oa.

Jumamosi nilikuwa nachimba viazi niliposikia mtu anakuja kwenye njia, na pumzi yake ikamtangulia. Alikuwa na raba zake na begi la daftari. Alisimama mbali kidogo, asijue kama anakaribishwa. Sura yake ni ya Klara, sitadanganya. Paji la uso ni la baba yake, kama la Vumilia.

"Shikamoo, mama."

Niliacha jembe likae ardhini. Vumilia alikuwa amesimama juu ya jiwe la michembe, ananitazama.

"Marahaba," nilisema. "Pita njiani. Usinikanyagie tuta."